Shooting Stars wa Adams: timu ya shule iliyomlea Luthuli

Waliofuatilia kandanda la Waafrika mjini Durban katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 walizijua timu tatu zilizotoka darasani. Bush Bucks walikuwa wa Ohlange, shule ya Inanda iliyoanzishwa na John Langalibalele Dube. Wild Zebras walikuwa wa Mariannhill, misheni ya Wakatoliki. Shooting Stars walikuwa wa Adams, kusini mwa mji, ndani kidogo kutoka pwani ya Amanzimtoti. Zote tatu zina historia ya kusimuliwa, lakini ya Adams ndiyo inayostahili kusimuliwa kwanza. Ndani yake yumo mwalimu aliyekuja kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, yumo nahodha wa zamani wa kriketi ya West Indies, na imo serikali iliyoamua kwamba shule ya namna ile isiwepo.

Adams ilianzishwa mwaka 1853 na wamisionari wa Kimarekani. Jina lake linatokana na Newton Adams, daktari na mmisionari aliyefariki miaka miwili kabla yake. Kwa muda mrefu ilijulikana kama Taasisi ya Amanzimtoti. Wanafunzi wake wengi walitoka katika familia za amakholwa, Wazulu Wakristo waliosoma, na idara ya sekondari ilikuwa ndogo kwa sababu Waafrika waliopata nafasi ya kufika huko walikuwa wachache mno nchi nzima. Mwaka 1925 Z. K. Matthews, mhitimu wa kwanza wa shahada katika chuo cha Fort Hare, alikabidhiwa uongozi wa idara hiyo. Mwafrika kuongoza sekondari ya namna ile wakati ule kulikuwa mtikisiko.

Mwenzake katika chumba cha walimu alikuwa Albert Luthuli. Alifika Adams mwaka 1920 kusomea ualimu, akabaki kufundisha hadi mwisho wa 1935. Alifundisha Kizulu na muziki, akaongoza kwaya, na hapo hapo Adams akakutana na Nokukhanya Bhengu, aliyemwoa mwaka 1927. Na akapewa kazi ya kuisimamia timu ya kandanda.

Katika tawasifu yake, Let My People Go, iliyotoka mwaka 1962, Luthuli anasema bila kuficha kwamba kandanda lilimwingia damuni akiwa Adams, na kwamba hata alipokuwa mtu mzima mechi ilimwondolea utulivu wote. Anaongeza jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi: pamoja na mchezo wenyewe, kilichomvuta ni nafasi ya kukutana na watu wa kila aina, kuanzia wenye vyeo hadi wale ambao jamii haiwataki mezani.

Hapo pana mambo. Mwalimu wa misheni katika Natal ya wakati ule angeweza kuishi maisha yake yote ndani ya duara dogo: kanisa, darasa, kwaya, chama cha walimu. Kandanda lilimtoa humo. Durban ulikuwa mji wa bandari, na Waafrika wengi waliokuwa wakiishi mjini walikuwa makuli wa gati, watumishi wa majumbani, makarani na vibarua wa reli waliolala katika mabweni ya wafanyakazi. Chama chao cha kandanda, Durban and District African Football Association, kilianzishwa mwaka 1916, na timu za shule zilikutana humo na timu za watu hao. Aliyetaka kuliendesha kandanda la Durban ilibidi akae kikao kimoja na mpishi, kuli na karani, na kila mmoja ana kura.

Kazi ya msimamizi au katibu wa timu haitundikwi ukutani. Yeye ndiye anayeandika barua ya kuomba mechi na kusubiri jibu. Ndiye anayepiga hesabu ya nauli ya treni ya kikosi kizima, anayekagua kama mpira wa ngozi umekazwa kamba na kibofu chake hakivuji, na anayepeleka orodha ya wachezaji kwenye chama kabla muda haujapita. Refa akionekana amependelea, yeye ndiye anayeandika malalamiko, na ayaandike kwa lugha ambayo haitamfungia mlango wiki ijayo. Mkutano mkuu ukifika, anasimama na daftari la fedha mbele ya wanachama, na nusu yao wamekuja na hasira.

Luthuli alizishika kazi za namna hiyo kwa miaka. Kutoka timu ya shule alipanda hadi kwenye uongozi wa chama cha Durban, kisha akawa katibu wa chama cha kandanda cha Waafrika cha nchi nzima. Ni sahihi kusema kwamba alijifunza kuongoza kwaya na kuongoza walimu katika chama chao, ambacho alikuja kuwa rais wake. Lakini mimi naamini kandanda ndilo lililomfundisha kuwaongoza watu ambao hawakulazimika kumsikiliza.

Halmashauri ya mji, ya Wazungu watupu, nayo ililitazama kandanda kwa jicho lake. Kwa sheria ya mwaka 1908 ilikuwa imejipa peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na mapato hayo ndiyo yaliyogharimia usimamizi wa maisha yao mjini. Mwaka 1929 Waafrika waliisusia pombe hiyo na ghasia zikazuka. Baada ya hapo halmashauri ilianza kutoa zaidi kwa ajili ya michezo, ikitumaini kwamba kijana aliyeshughulishwa na mpira Jumamosi hataenda kwenye mkutano wa siasa. Haikutambua kwamba vyama vya mpira vyenyewe vilikuwa shule ya mikutano: ajenda, kumbukumbu za kikao, uchaguzi, upinzani, maridhiano.

Mwanzoni mwa 1936 Luthuli alikuwa ameshaiacha kazi ya ualimu na kuwa chifu wa Groutville. Mwaka 1951 alianza kuongoza African National Congress (ANC) tawi la Natal. Novemba 1952 serikali ilimvua uchifu kwa kukataa kujitoa katika chama hicho, na mwezi uliofuata wanachama wakamchagua rais wa chama kizima.

Adams nayo iliendelea kukua. Edgar Brookes aliiongoza kuanzia miaka ya 1930 hadi 1945. Anton Lembede, rais wa kwanza wa umoja wa vijana wa ANC, alisoma hapo. Joshua Nkomo wa Zimbabwe alipitia hapo. Mangosuthu Buthelezi pia.

Mwaka 1949 ukaja uteuzi ambao mpenzi wa michezo hawezi kuupita haraka. Mkuu mpya wa shule, George Copeland Grant, aliyezoeleka kwa jina la Jack, alikuwa Mzungu wa Trinidad aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya kriketi ya West Indies. Alipewa unahodha akiwa na miaka 23 tu, kwa ziara ya Australia ya 1930 na 1931. Timu ilifungwa mechi nne mfululizo. Katika ya tano, mjini Sydney, Grant alifanya uamuzi wa kijasiri mara mbili: alisitisha kupiga huku wachezaji wake wakiwa bado wana nafasi, kwanza mikimbio ikiwa 350, kisha ikiwa 124, ili wapinzani waingie kupiga uwanja ukiwa umeharibika kwa mvua. Australia walihitaji mikimbio 251 kushinda. Walitolewa wote wakiwa na 220. Ilikuwa mara ya kwanza West Indies kuwashinda Australia katika mechi za Test, yaani za kimataifa.

Mwaka 1935 Grant aliiongoza West Indies kuishinda Uingereza mechi mbili kwa moja, ushindi wao wa kwanza wa mfululizo mzima. Katika mechi ya mwisho, jijini Kingston, aliumia kifundo cha mguu, na timu uwanjani ikaongozwa na Learie Constantine, mtu mweusi. Wakati ule unahodha wa West Indies ulikuwa haki ya Wazungu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1960 ndipo Frank Worrell, mweusi, akabidhiwe unahodha kwa mfululizo mzima. Grant alikuwa amefaidika na utaratibu huo, na hilo lisifichwe. Lakini alipofika Adams alisimama upande wa wanafunzi wake hadi siku ya mwisho.

Siku hiyo haikuwa mbali. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliziweka shule za Waafrika mikononi mwa wizara ya Hendrik Verwoerd, na misheni zikapewa chaguo la kukabidhi au kukosa ruzuku. Adams iliomba iendelee kama shule binafsi. Ikanyimwa. Desemba 1956 ndiyo ilikuwa mwisho wake, na ni mwezi huo huo, tarehe 5, polisi walipomkamata Luthuli alfajiri na kumshtaki kwa uhaini pamoja na wenzake, jumla yao watu 156. Mwaka 1957 ulipoanza, jina la Adams lilikuwa limefutwa na mahali pake pakaandikwa Amanzimtoti Zulu Training School. Grant aliandika kuhusu kuuawa kwa shule hiyo. Hakuondoka kimya, na namheshimu kwa hilo.

Mwaka huo wa 1957 kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilichezwa Khartoum bila Afrika Kusini, kwa sababu ilikataa kupeleka timu ya mchanganyiko. FIFA iliisimamisha mwaka 1961, ikalegeza, ikaisimamisha tena 1964, na kuifukuza 1976. Vipaji vilitafuta njia ya kutokea. Steve Mokone, aliyewahi kuvaa jezi ya Bush Bucks wa Durban, alijiunga na Coventry City ya Uingereza mwaka 1956. Alikuwa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kucheza kandanda la kulipwa Ulaya.

Luthuli alipokea tuzo yake Oslo tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Tanganyika kupata uhuru. Adams leo ipo, na imerudishiwa jina lake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaitambua sura hii. Kiungani, chuo cha misheni ya Kianglikana Unguja, kilicheza kandanda tangu karne ya 19, na vijana wake walilipeleka walikokwenda kufundisha. Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda lilianza mwaka 1926, Luthuli akiwa bado mwalimu Adams. Makatibu wa timu zetu za Minaki, Tabora, Maseno na Budo nao waliandika barua, walitunza fedha na kusoma kumbukumbu za vikao, na baadhi yao walikuja kuendesha vyama vya wafanyakazi, vya ushirika na vya siasa. Tumeandika kidogo mno juu yao.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Kama baba au babu yako alikuwa katibu wa timu ya shule, na kuna daftari la vikao au picha ya kikosi ndani ya sanduku, usilichome wakati wa kusafisha nyumba. Andika nyuma ya picha majina ya waliosimama na waliokaa wakati bado yupo wa kuyakumbuka, kisha lipeleke daftari Nyaraka za Taifa au kwenye maktaba ya shule yenyewe.