Rada ya ndege na njia ya bahari ya Kilindini

Mpwa wangu anakaa Kisii mjini, katika chumba cha kupanga karibu na soko la Daraja Mbili. Usiku, kazi za kutwa zikiisha, hufungua kompyuta na kurusha ndege ya kivita katika gemu iitwayo DCS World. Desemba nilipomtembelea alinivutia kiti nikae kando yake.

"Mjomba, hebu tazama hii rada," akasema. "Nikiwa juu naona kitu. Nikishuka tu, kioo chote kinajaa takataka."

Ndege yenyewe ilikuwa MiG-19P, ya Wasovieti, ya miaka ya 1950. Rada yake inaitwa Izumrud, yaani zumaridi, na waliotengeneza gemu hiyo wameiiga pamoja na udhaifu wake wote. Ina antena mbili. Moja imekaa kwenye mdomo wa juu wa tundu la kuvutia hewa, nayo hupepesa kushoto na kulia ikitafuta. Ya pili iko katikati ya tundu hilo, na adui akikaribia kiasi cha kilomita 2 hivi, hiyo ndiyo inayomshika na kumfuata mpaka rubani afyatue mizinga. Rubani akiinamisha ndege kuelekea ardhini, milima, miti na mabati hurudisha mawimbi kwa wingi hata ndege ya adui ikapotea humo.

Nilimwambia akumbuke Kendu Bay usiku wa omena. Ukisimama ufukweni ukatazama ziwa, kila taa ya mvuvi unaiona na unaweza kuihesabu. Sasa fikiria unautazama mji wa Kisii kutoka mlimani usiku huohuo: taa ni nyingi, na ya nani ni ya nani huwezi kusema. Rada za kwanza za ndege ziliona hivyo hivyo. Juu ya maji zilikuwa na macho, juu ya nchi kavu zilikuwa karibu vipofu. Ndiyo sababu kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa baharini, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika hapa kwetu, kutoka Mombasa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hilo mpwa wangu hakulijua. Sidhani kama kuna shule ya Kisii au Nyamira inayolifundisha.

Rada ya Waingereza ilianza kwa jaribio la Februari 1935 karibu na mji wa Daventry, ambapo Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walionyesha kwamba ndege hurudisha mawimbi ya redio. Vituo vilivyofuata vilikuwa na minara mirefu iliyosimikwa ardhini. Ndege isingeweza kubeba mnara. Aliyepewa kazi ya kuipunguza mitambo hiyo mpaka ienee ndani ya ndege alikuwa Edward Bowen, kijana wa Wales. Septemba 1937 aliruka na ndege ndogo ya aina ya Anson juu ya Bahari ya Kaskazini, katika hali mbaya ya hewa, akazipata manowari za nchi yake, mojawapo ikiwa Courageous, meli ya kubebea ndege, kwa mwangwi wa redio. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba ndege inaweza kuitafuta meli bila rubani kuiona kwa jicho.

Kwa nini kuipandisha rada angani? Aliyewahi kusimama ukingoni mwa mlima wa Manga anajua. Ukiwa bondeni, mwisho wa macho yako ni ndizi za jirani. Panda Manga siku iliyotakata, utaliona ziwa. Mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kama macho yetu, na dunia ni mviringo. Anayetaka kuona mbali hana budi kupanda.

Afrika Mashariki iliipata rada mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katikati ya 1940 askari wa Afrika Kusini walileta mtambo uliobuniwa Johannesburg na kikundi cha Basil Schonland, wakaufunga Mambrui, kaskazini ya Malindi, kulinda pwani dhidi ya ndege za Waitaliano waliokuwa Somalia na Ethiopia. Huo ulikuwa wa ardhini. Rada za kuruka zilikuja na hofu nyingine, ya Wajapani. Aprili 1942 walishambulia Colombo, katika Sri Lanka ya leo, na kundi la manowari za Uingereza la Bahari ya Hindi likahamishia makao yake Kilindini, bandari ya Mombasa. Kati ya Juni na Julai mwaka huohuo nyambizi za Japani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Wasikilizaji wa redio za adui na wafumbuzi wa maandishi ya siri waliwekwa katika shule ya Allidina Visram mjini Mombasa. Hao waliweza kusema nyambizi iko upande gani wa bahari. Kuitafuta mahali ilipo hasa ilikuwa kazi ya ndege.

Ndege hizo zilikuwa Catalina, zile za kutua majini, zenye tumbo kama mashua. Watu wa Nyanza walikwisha kuizoea sura ya namna hiyo, maana ndege za abiria za Imperial Airways zilikuwa zikitua ziwani Kisumu tangu miaka ya 1930. Mapema 1943 vikosi viwili vya Catalina, namba 259 na 265, viliundwa Mombasa. Septemba mwaka huo kikosi namba 621 kikaundwa Port Reitz kikiwa na ndege za Wellington. Port Reitz ndiyo leo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, na maelfu wanaoshuka pale kila wiki wanakanyaga ardhi ambako rada za kuwinda nyambizi zilipakiwa.

Rada yenyewe ilikuwa ASV, yaani rada ya ndege ya kutafutia vyombo vya baharini, toleo la pili. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa takriban mita 1.7, kwa hiyo antena zake zilitokeza nje ya ndege kama zile za televisheni tulizozipandisha juu ya mapaa yetu miaka ya tisini. Ndani, mtu mmoja aliinamia kioo kidogo chenye mstari mmoja wa kijani uliosimama wima. Hapakuwa na ramani wala picha. Chini ya mstari palikuwa karibu na ndege, juu palikuwa mbali. Mwangwi ukirudi, kijino cha mwanga kilichomoza kwenye mstari, upande wa kulia na wa kushoto. Kikiwa kirefu zaidi kulia, kitu kiko kulia: akamwambia rubani ageuke mpaka pande mbili zilingane. Mawimbi ya bahari nayo yalirudisha vijino vyake sehemu ya chini ya kioo, na ndege ilipokaribia sana, mwangwi wa nyambizi ulizama ndani ya fujo hiyo, ukapotea dakika ileile uliyohitajika. Usiku Waingereza walilitatua hilo kwa taa kali ya kumulika, iliyowashwa mwishoni kabisa. Catalina iliweza kukaa angani zaidi ya saa 15, na jicho la mtu halivumilii mstari wa kijani muda wote huo, hivyo walipokezana.

Sijaona gemu inayoonyesha hayo, nami nasikitika. Katika gemu rada ni ya kuua. Kwa watu wale ilikuwa zaidi ya kungoja: saa nyingi za maji matupu ili msafara wa meli upite salama, na usiku ambao hakuna kilichotokea ulihesabiwa kuwa usiku mwema.

Walifanikiwa mara kadhaa. Agosti 20, 1943, baada ya mawasiliano yake ya redio kunaswa, nyambizi ya Kijerumani U-197 ilizamishwa kusini ya Madagaska na Catalina za vikosi vile viwili vilivyozaliwa Mombasa. Mei 1944 Wellington za kikosi 621, wakati huo kikiwa kimehamia Aden, ziliijeruhi U-852, ikakwama ufukweni Bender Beila, Somalia. Nahodha wake, Heinz-Wilhelm Eck, alikuwa ameamuru kupigwa risasi kwa manusura wa meli ya Kigiriki Peleus aliyoizamisha mwezi Machi. Alihukumiwa baada ya vita, akauawa Novemba 1945.

Lakini rada haioni chini ya maji, na hapo ndipo historia hii inapotuuma. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari ulitoka Kilindini kuelekea Colombo. Moja ilikuwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Jumamosi, Februari 12, mchana kweupe, nyambizi ya Kijapani I-27 iliyojificha chini ya maji karibu na Maldivi iliipiga kwa makombora ya majini. Meli haikumaliza dakika 3, ikazama. Manowari mbili, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya kina, na baadhi ya mabomu yalilipuka palipokuwa na manusura majini. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo. Kati ya watu 1,511 waliokuwa ndani ya Khedive Ismail, walikufa 1,297. Msiba huu wa meli, uliowaua watu wengi wa Afrika Mashariki kwa dakika chache namna hii, haujulikani sana nyumbani kwao, na hilo ni kosa letu wenyewe.

Teknolojia iliendelea. Tangu 1943 rada mpya za mawimbi ya sentimita 10, zilizowezeshwa na kifaa kilichobuniwa na John Randall na Harry Boot mjini Birmingham mwaka 1940, zilichora picha kama ramani kwenye kioo. Rada za hali ya hewa ni wajukuu wa hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ng'ambo tu ya mpaka wa Nyamira, ndege zilianza kuruka juu ya mashamba ya chai ya Kericho kupunguza mvua ya mawe, zikisaidiwa na rada kutambua mawingu. Mkulima wa Nyamira aliyewahi kuona majani ya chai yakiwa yamechanika baada ya mawe hahitaji kuelezwa thamani yake.

Nilipommalizia mpwa wangu habari hizi, alizima gemu akaniuliza kama kwetu kuna aliyekwenda vita hivyo. Nikamjibu kwamba Kisii, wakati huo makao makuu ya wilaya ya South Kavirondo, ilitoa vijana kama wilaya nyingine zilivyotoa, na wengi waliorudi walinyamaza.

Kwa hiyo nina ombi kwa familia za Kisii na Nyamira. Kama sokoro wako, yaani babu yako, aliacha medali, cheti cha kuachishwa jeshi au barua iliyokunjwa ndani ya kopo, kipige picha leo na uandike unachokijua kumhusu: jina la baba yake, kijiji, mwaka aliokwenda. Kama hakurudi, mtafute. Majina ya zaidi ya watu 600 waliozama na Khedive Ismail yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi kando ya barabara ya Ngong, na kuyasoma ni bure.