Kuijenga upya Thimlich Ohinga ndani ya kompyuta

Leo tuweke lugha za programu kando kidogo.

Kule Petra, Jordan, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Brown walianza kulifukua Hekalu Kuu la Wanabatea mwaka 1993, na baadaye likatengenezewa umbo la kompyuta kutokana na mabaki yake. Wengi wetu tunadhani kazi hiyo ni ya Petra na Roma tu. Mimi natoka Muhuru Bay, na katika kaunti yetu hii hii ya Migori ipo Thimlich Ohinga, boma la mawe linalokadiriwa kujengwa karne ya 16. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na hazina saruji wala udongo wa kushikanisha. Mafundi walipanga mawe makubwa upande wa nje na wa ndani, katikati wakajaza mawe madogo. Milango ni mifupi, sharti uiname kuingia. Adui akiingia hivyo, kichwa chake kinatangulia!

Kwa kompyuta, kuta ndizo kazi rahisi. Unapiga picha nyingi zinazopishana, programu inatafuta alama zilezile katika kila picha, kisha inakokotoa kila jiwe liko wapi. Mawe yasiyolingana yanafaa sana hapa, kwa sababu ukuta mweupe uliopigwa plasta hauna alama za kushika. Ila picha peke yake hutoa umbo bila kipimo. Lazima pawe na urefu unaoujua, hata wa mti uliopimwa kwa futi, la sivyo programu haijui kama hilo ni boma au kichuguu.

Kazi ngumu ni ndani. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na vilivyobaki ni vishimo vya mviringo ardhini. Vishimo vinakuambia nyumba ilisimama wapi na upana wake ulikuwa kiasi gani. Havisemi paa lilikuwa na mwinuko gani. Kuchora paa la kupendeza ni kazi ya jioni moja, na hapo ndipo hatari ilipo: mtoto wa shule akiliona kwenye skrini ataamini limepimwa kama ukuta. Na boma hili walikaa watu wa jamii mbalimbali kwa nyakati tofauti, Wabantu na Waniloti. Ukichagua paa la jamii moja, umeshaamua kesi ya watu kwa kubofya kipanya.

Mkataba wa London wa mwaka 2006 kuhusu michoro ya aina hii unataka mtazamaji aweze kutofautisha ushahidi na makisio. Kwa hiyo kwenye faili yangu kuta zina rangi ya mawe yenyewe, na mapaa ni ya kijivu, yanapenyeza mwanga. Kuna kitufe cha kuyaondoa. Rafiki mmoja ameniambia yanafanana na vyandarua.