Goma–Bukavu kwa boti: kabine gani kwa mwenye shida ya kutembea?

Kwa kawaida, ziwa Kivu linavukwa kwa boti za mbio, saa mbili ao tatu hivi, ao kwa boti kubwa za usiku zinazofika asubuhi. Kabine ziko kwenye hizo kubwa, na siyo zote zinafaa.

Mbele ya kulipa, ndugu mmoja aende bandarini na kamba ya kupimia. Kiti cha magurudumu kinaomba mlango wa santimita 80 hivi. Kizingiti cha chuma kinachozuia maji kinapanda mpaka wapi? Choo kiko karibu, ao nyuma ya ngazi? Kabine za juu ziko na hewa, ila ngazi zao ni kali. Afazali ya sitaha ya kuingilia, karibu na mlango.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilipinduka karibu na Kituku, watu wengi wakakufa. Kwa hiyo gile ya kuogelea ivaliwe tangu kuondoka: asiyeweza kukimbia hatapata muda wa kuitafuta. Boti ikijaa kupita kiasi, abaki.

Sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye ulemavu. Kwenye gati lakini, mara nyingi ni wabebaji ndio wanamunyanyua musafiri. Bei ipatanwe mbele, na kiti kifungwe kamba.