Makaratasi ya Gakaara: safari ya kutoka Karatina hadi Yale

Ukipanda matatu hapa Chaka, ukapita Kiganjo na Marua, unafika Karatina kabla hujamaliza kusoma gazeti. Wengi wetu tunaujua mji huo kwa sababu ya soko lake. Viazi, kabeji, nguo za mitumba, kelele za makanga. Wachache wanajua kwamba Karatina ndiko alikofanyia kazi kwa miaka mingi mtu mmoja aliyeandika hadithi, akazipiga chapa mwenyewe, akaziuza mwenyewe, na juu ya hayo yote akatunza karibu kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Jina lake ni Gakaara wa Wanjaũ.

Leo naomba niweke kando mambo ya programu na seva nimzungumzie huyu mzee. Si kando kabisa lakini, maana utaona mbele kwamba habari yake inaishia kwenye kompyuta.

Kwanza, alikuwa nani?

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 huko Gakanduini, karibu na misheni ya Tumutumu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisoma Tumutumu, kisha akaenda Alliance, shule ambayo wakati ule ilikuwa ndoto ya kila kijana Mwafrika. Hakumaliza. Mwaka 1940 wanafunzi waligoma, naye akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Akaingia jeshini, akawa karani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Alipotoka jeshini hakutafuta shamba wala duka. Alitaka kuandika. Mwaka 1946 alitoa kitabu chake cha kwanza, kwa Kigĩkũyũ, na akaungana na wenzake kuunda kampuni ya waandishi Waafrika. Hebu fikiria hilo kidogo. Mwaka 1946, Kenya ya mkoloni, wakati vitabu vingi vya lugha zetu vilitoka kwa wamisionari au serikali, vijana wachache wanasema: sisi tutaandika, sisi tutachapa, sisi tutauza.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vijitabu. Kurasa chache, karatasi nyepesi, bei ya mtu wa kawaida. Mapenzi, mahari, mjini na shambani, siasa. Ukitaka kulinganisha, fikiria vijitabu vya soko la Onitsha kule Nigeria, vilivyoshamiri miaka hiyo hiyo. Au kama wewe ni mpenzi wa hadithi za Kiswahili, mfikirie Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, aliyetokea katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ni maandishi ya aina hiyo ambayo walimu wa fasihi huyapita bila kuyasalimia, lakini watu huyasoma mpaka majalada yanang'oka. Miaka ya baadaye Gakaara alimbuni Wa-Nduuta, mhusika wa vituko, ambaye visa vyake vilisomwa katika gazeti lake la Gĩkũyũ na Mũũmbi.

Na usidhani aliandika Kigĩkũyũ tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliandika kijitabu cha Kiswahili kiitwacho Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Jina lenyewe linakueleza kwa nini serikali haikukipenda.

Karatasi zinapokuwa hatari

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Usiku huo polisi walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha. Gakaara alikuwamo kwenye orodha. Kosa lake lilikuwa maandishi. Mwaka ule ule alikuwa ametoa imani ya Gĩkũyũ na Mũmbi, iliyofuata umbo la imani ya kanisani, na wakubwa waliona ndani yake harufu ya Mau Mau.

Akahamishwa kambi baada ya kambi: Kajiado, kisiwa cha Manda huko Lamu, Athi River, na kwingineko. Huko ndani aliendelea kuandika. Aliweka kumbukumbu za kila siku, nani kaletwa, nani kahamishwa, nani kaugua, chakula kilikuwaje. Makaratasi hayo yakikutwa wakati wa msako yangeweza kumletea adhabu, kwa hiyo aliyaficha. Na alipotoka, yalitoka.

Mwaka 1983 kumbukumbu hizo zilichapishwa kwa Kigĩkũyũ na Heinemann Nairobi, kwa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithamĩrio-inĩ. Mwaka 1984 kitabu hicho kilipata tuzo ya Noma, tuzo kubwa kuliko zote za vitabu vilivyochapishwa Afrika wakati huo, kwa pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988. Kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya Nyeri, si kwa Kiingereza, kikasimama jukwaa moja na vitabu vya bara zima!

Gakaara alifariki mwaka 2001. Aliacha vitabu, na aliacha makaratasi. Haya ya pili ndiyo yananinyima usingizi.

Kitabu si makaratasi

Sisi watu wa programu tunaijua tofauti hii vizuri. Kuna programu unayompa mtumiaji, na kuna historia yote ya koda: majaribio, yaliyofutwa, maelezo ya saa nane usiku. Kitabu kilichochapishwa ni ile programu. Kimechaguliwa, kimesafishwa, kimevaa tai. Makaratasi ndiyo historia ya koda.

Nitakupa mfano. Katika kambi ya Athi River serikali ilikuwa na mpango wa "kuwarekebisha" wafungwa, na Gakaara aliandika michezo ya kuigiza huko huko kizuizini. Je, mtu anayeandika ndani ya kambi ya mkoloni anaandika kwa ajili ya nani? Kwa mkuu wa kambi, kwa wenzake, au kwa nafsi yake? Kitabu cha mwaka 1983 kilitoka wakati mwandishi anajua Kenya imeshapata uhuru na mashujaa wanatafutwa. Karatasi ya miaka ya 1950 haikujua hivyo. Ndiyo maana mwanahistoria anataka vyote viwili, viwekwe sambamba.

Nani basi ameyasoma makaratasi hayo? Cristiana Pugliese alitoa kitabu kizima juu ya maisha na maandishi ya Gakaara mwaka 1995, kilichochapishwa Bayreuth, Ujerumani. Derek Peterson, mwanahistoria Mmarekani, ameandika kwa kutumia makaratasi hayo. Na mkusanyiko wenye jina la Gakaara uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, New Haven, Marekani.

Sisemi hivi ili tulalamike kwamba wazungu wamechukua. Karatasi iliyokaa kwenye sanduku chini ya paa la mabati ina maadui watatu: mchwa, mvua, na mtu anayetafuta kitu cha kufungia maandazi. Kuwa na nakala mahali pengine ni jambo jema. Mwenye nakala moja hana nakala, ndivyo tunavyosema kazini. Swali langu ni jingine: mjukuu wa mfungwa wa Manda, aliyeko hapa Chaka au Mathira, akiketi mbele ya kompyuta akaandika jina, atapata kitu?

Tatizo la vikofia viwili

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Kigĩkũyũ kina irabu saba. Kiswahili kina tano, na kibodi tuliyorithi inatosheleza hizo tano tu. Irabu mbili zinazobaki huandikwa ĩ na ũ, zenye kialama cha wimbi juu. Mashine nyingi za taipu hazikuwa na alama hiyo, kwa hiyo watu waliichora kwa kalamu, au waliiacha kabisa.

Kompyuta nazo zilianza kwa kutusahau. Orodha ya herufi iliyotumika sana Ulaya Magharibi, Latin-1, ina ã, ina ñ, ina õ. Haina ĩ wala ũ. Zilikuwemo kwenye Latin-4, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya lugha za Baltiki na Greenland! Mgĩkũyũ alihudumiwa kwa bahati, kwa sababu Mgreenland alikuwa na shida kama yake.

Unikodi ilitatua hilo. Herufi ĩ ni U+0129, na ũ ni U+0169. Katika UTF-8 kila moja inachukua baiti mbili. Seva ikizisoma kimakosa kama Latin-1, ĩ inageuka Ä© na ũ inageuka Å©. Ukiwahi kuona takataka hizo kwenye ukurasa wa Kigĩkũyũ, sasa unajua zinatoka wapi. Tena kuna njia mbili za kuandika ĩ ile ile: herufi moja kamili, au i ya kawaida ikifuatwa na alama ya kuongezwa. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa programu ya kutafuta ni vitu viwili, mpaka uzilinganishe kwanza.

Matokeo? Andika Wanjau, programu isiyo na akili haikuletei Wanjaũ. Mtu aliyeorodheshwa kambini kwa taipu isiyo na alama, akaandikwa upya na mtafiti mwenye alama, anakuwa watu wawili. Mmoja wao hana mjukuu.

Dawa rahisi ni kuondoa alama zote. Usifanye hivyo kwenye maandishi yenyewe. Kwa Kigĩkũyũ ira ni jana, na ĩra ni ambia. Ukifuta alama umechanganya jana na kuambia. Mimi hupendekeza safu mbili katika hifadhidata: moja ihifadhi neno kama lilivyo kwenye karatasi, nyingine ihifadhi neno lililovuliwa alama, kwa ajili ya kutafutia tu. Ni mistari michache ya koda. Haigharimu chochote ila kukumbuka kwamba lugha hiyo ipo.

Mambo matatu ya kufanya

Moja: haki. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, kwa hiyo maandishi ya Gakaara yanalindwa hadi mwisho wa 2051. Usipige picha kitabu kizima ukakimwaga mtandaoni. Familia na wachapishaji wapo.

Mbili: kagua nyumbani. Kama kuna kijitabu cha zamani kwa babu au nyanya, kisiwashiwe jiko. Kipige picha ya jalada, andika mwaka, mchapishaji na mahali kilipopatikana, kisha kiweke pakavu. Nakala iliyobaki duniani inaweza kuwa hiyo.

Tatu: mkiandika Kigĩkũyũ kwenye simu, wekeni vikofia. Kibodi zenye herufi hizo zipo. Gakaara aliandika akiwa kizuizini, akijua msako unaweza kuja usiku wowote. Sisi tunatakiwa kubonyeza kidole sekunde moja zaidi.

Haya, kazi kwenu.