Mateka, Mfungwa, Mahabusu: Funzo la Historia kutoka Njombe na Makambako

Mfasiri akutanapo na habari ya mtu aliyeshikwa na kunyimwa uhuru wake, aghalabu hulikimbilia neno mfungwa, kana kwamba latosha kwa kila hali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba halitoshi. Ushahidi wetu tumeutoa katika nchi iliyo baina ya Songea, Njombe na Makambako, ambako kwa muda wa miaka isiyozidi mia moja watu walishikwa kwa namna zilizotofautiana sana.

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Mateka latokana na kitenzi teka, yaani kutwaa kwa nguvu, hasa vitani. Umbo lake ni la ngeli ya ma-, lakini akusudiwapo mtu twasema "mateka huyu ametoroka". Mfungwa latokana na funga. Zamani lilimhusu aliyetiwa kamba au mnyororo, na leo humhusu hasa aliyehukumiwa kifungo. Mahabusu lina asili ya Kiarabu, na katika matumizi ya Tanzania ni mtu anayengojea hukumu rumande. Kwa ufupi, mateka huletwa na vita, mfungwa huletwa na hukumu, na mahabusu huletwa na tuhuma.

Katika karne ya 19, Wangoni wa Songea walizishambulia nchi za jirani zao, Wabena na Wapangwa wakiwamo, wakateka watu wengi. Watu hao walikuwa mateka, lakini wengi wao hawakuwa wafungwa. Waliingizwa katika nyumba na vikosi vya wale waliowateka, wakahesabiwa kuwa watu wa daraja la chini walioitwa sutu, na baadaye wazao wao wakajiita Wangoni. Mwandishi awaitaye watu hao wafungwa humfanya msomaji afikirie kuta na minyororo, akakosa kuielewa jamii nzima.

Vita vya Maji Maji vilileta hali nyingine. Mnamo Septemba 1905 Wabena wa Mbeyela, pamoja na Wangoni, waliushambulia mji wa misheni wa Yakobi, karibu na Njombe. Vita vilipogeuka, wapiganaji wengi wa kusini walikamatwa, na Februari 1906 zaidi ya watu 60 walinyongwa Songea. Kwa Kiswahili chetu watu hao walikuwa mateka, kwani walishikwa kwa sababu ya vita. Serikali ya Wajerumani haikukubali hivyo: iliwaita waasi, ikawahukumu kama wahalifu. Hapa jina halikuwa pambo la lugha. Lilikuwa njia ya kuelekea kwenye kitanzi.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Novemba 1916, huko Ilembula, magharibi ya Makambako, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Huebner kilisalimu amri mbele ya majeshi ya Waingereza. Walikuwamo Wajerumani wapatao 50 na askari Waafrika zaidi ya 200. Hao hawakuitwa waasi. Walikuwa mateka wa vita, watu ambao sheria za mataifa zilikwisha kuwatambua na kukataza wasiuawe baada ya kuweka silaha chini.

Mfano wa mwisho ni Kidugala, baina ya Njombe na Makambako. Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wengi wa Tanganyika, wamisionari wakiwamo, waliwekwa kizuizini kwa sababu ya uraia wao. Katika miaka iyo hiyo ya 1940, Kidugala, iliyokuwa misheni ya Wajerumani, ikapokea wageni kutoka Poland, watu waliokwisha kuhamishwa kwa nguvu hadi Urusi ya Kisovieti, kisha wakapitia Uajemi. Waliishi kambini, chini ya uangalizi wa serikali. Lakini hawakuwa mateka, wala wafungwa, wala watu wa kizuizini. Walikuwa wakimbizi. Kambi peke yake, basi, haimfanyi mtu kuwa mfungwa.

Kutokana na mifano hii, yafaa mfasiri ajiulize maswali matatu: Nani amemshika mtu huyu? Amemshika kwa sababu gani? Ni nani awezaye kumwachilia? Akiwa ameshikwa na adui vitani, aitwe mateka wa vita. Nyongeza hiyo ya "wa vita" ni ya lazima, kwani hata aliyetekwa na majambazi ili itolewe fedha huitwa mateka. Akiwa amehukumiwa na mahakama, ni mfungwa. Akiwa angali akingojea hukumu, ni mahabusu, na kumwita mfungwa ni kumhukumu kabla ya hakimu. Akiwa ameshikwa kwa amri ya serikali pasipo mashtaka, kama ilivyoruhusiwa na sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962, yuko kizuizini.

Walimu nao wawafundishe wanafunzi maneno haya kwa pamoja, si moja moja, ili tofauti zake zionekane. Karani aandikaye neno moja badala ya jingine huenda akadhani amekosea lugha tu. Waliozikwa Songea mwaka 1906 wanatukumbusha kwamba kosa la namna hiyo laweza kumwondolea mtu haki yake.