Mapafu Yaliyochakaa na Wimbo wa Kasia

Kila Machi 24 dunia hukumbuka siku ambayo Robert Koch alitangaza, mwaka 1882, kwamba amewagundua bakteria wa kifua kikuu. Hotuba za siku hiyo huwa za vipimo na dawa, na ni haki yake, maana Kongo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Anayesahauliwa ni yule aliyemeza dawa zote akapona. Makohozi yake ni safi na faili limefungwa, lakini mapafu yamebaki na makovu, na kilima kidogo kinamkalisha chini. Kwenye maporomoko ya Boyoma, mjini Kisangani, wavuvi Wagenia wanaokausha samaki kwa moshi wa kuni hawahitaji hata hicho kifua kikuu ili pumzi ipungue. Kwa watu hawa kuimba ni tiba ya kweli, na ni tiba iliyochelewa kuaminiwa.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1588 mtunzi Mwingereza William Byrd aliandika kwamba uimbaji huimarisha kifua. Mwaka 1787 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alidai kuwa Wajerumani wa Pennsylvania hawaugui sana kifua kikuu kwa sababu hufundishwa kuimba tangu utotoni; hoja dhaifu, lakini ilitoka kwa daktari. Kisa chenyewe kilianza mwaka 1958, hospitali ya maveterani ya East Orange, New Jersey, ilipomwita Carl Stough, mwongoza kwaya asiye na cheti cha udaktari, awasaidie wagonjwa wa emfizema, yaani watu ambao vifuko vyao vya hewa vimeharibika. Kwa masimulizi yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, aliwakuta wakivuta hewa kwa mabega na shingo, huku hewa iliyotumika imekwama kifuani. Alishikilia kuwa taabu yao kubwa ni hewa isiyotoka. Akawahesabisha moja hadi kumi kwa sauti, tena na tena, kwa pumzi moja, mpaka pumzi ikaisha taratibu bila kifua kukaza. Aliyejibu kwamba mapafu yaliyoharibika hayarudi alisema kweli, ila Stough hakuwa akidai yanarudi. Alidai kiwambo kilicho chini ya mapafu kinaweza kufundishwa kazi upya, na akatumia picha za eksirei kuonyesha kinavyosogea. Mwaka 1968 aliwafundisha kupumua wanariadha wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwa Olimpiki ya Jiji la Mexico, lililo juu ya mita 2,200. Alipofariki mwaka 2000, hospitali zilikuwa zimeshamsahau. Kitabu chake kinamsifu kupita kiasi, na hakuwa na kundi la kulinganisha, lakini swali lake lilikuwa sahihi.

Kundi la kulinganisha lilikuja baadaye, pamoja na pingamizi zito: pengine kinachosaidia si wimbo bali kukaa na wenzako. Watafiti wa hospitali ya Royal Brompton, London, walilijibu mwaka 2012 kwa kuwapeleka wagonjwa wengine wa mapafu kwenye madarasa ya kuimba na wengine kutazama sinema pamoja. Waimbaji ndio waliojisikia nafuu zaidi ya mwili, ingawa mwendo wao haukuongezeka. Denmark ikaenda mbali zaidi mwaka 2022: kati ya wagonjwa 270, waliofundishwa kuimba kwa wiki 10 hawakuachwa nyuma na waliofanya mazoezi ya viungo, kwa kipimo cha umbali wa kutembea dakika 6. Karibu nasi, hospitali ya Mulago mjini Kampala iliwapa mazoezi ya wiki 6 watu 34 waliobaki na madhara ya kifua kikuu, na 29 wakamaliza. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti uliowauliza wagonjwa na wahudumu wa Uganda kuhusu muziki na ngoma katika matibabu ya mapafu.

Atakayesema kuimba hueneza kifua kikuu hajakosea, kwani jambo hilo lilichunguzwa Marekani tangu 1968. Ndiyo maana anayeimba awe amemaliza dawa na makohozi yamepimwa, na waimbe nje, penye upepo. Upepo wa mto Kisangani inao, na ina nyimbo za kasia ambazo kiongozi huanzisha na wengine huitikia kasia zikizama: pumzi ndefu ya kutoa, fupi ya kuvuta, mwili ukiwa kazini. Zilitungwa kwa ajili ya mkondo, si kwa ajili ya wagonjwa, na mtalii huzilipia kama burudani. Ni aibu kidogo kwamba mji wenye kitivo cha udaktari uuache utajiri huo kwa wapiga picha. Anayeogopa gharama ajue kwamba kipimo cha dakika 6 kinataka mita 30 za njia tambarare, saa, na mtu wa kuandika umbali kabla ya wiki ya kwanza ya kuimba na baada ya wiki ya mwisho.