Mizani ya Lavoisier

Ewe msomaji, huenda umekwisha kuagizwa na mwalimu wako ukokotoe uzito wa vitu viwili viunganavyo kuwa kitu kimoja, nawe ukaiona kuwa hesabu kavu isiyo na kisa. Kisa kipo.

Katika karne ya 18 wataalamu wengi wa Ulaya walisadiki kuwa kila kiunguacho hutokwa na kitu kiitwacho flojistoni. Kwa imani hiyo, bati au risasi ikichomwa hadi kuwa majivu, sharti ipungue uzito. Lakini ilizidi! Baadhi yao, badala ya kuiacha imani yao, walidai kuwa flojistoni ina uzito ulio chini ya sifuri. Ndivyo mtu atetavyo kwa ajili ya neno alilolizoea.

Antoine Lavoisier wa Paris, aliyezaliwa mwaka 1743, alitaka mizani iamue. Alitia wakia 4 za zebaki katika chupa ya kioo yenye shingo ndefu iliyopindwa, mdomo wake ukiingia katika hewa iliyofungiwa, akachochea moto siku 12. Siku ya pili chembe nyekundu zilianza kuonekana juu ya zebaki, na hewa ile ikawa inapungua. Mwisho alizikusanya chembe, akapata punje 45; punje ilikuwa kipimo cha zamani, kama miligramu 53 hivi. Kisha akazitia moto mkali zaidi. Zebaki ikarudi, punje 41½, na ikatoka hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa mwangaza mkubwa. Hiyo ndiyo oksijeni. Toa 41½ katika 45, zasalia 3½. Basi chembe zile hazikuwa zebaki iliyopoteza kitu, bali zebaki iliyoongezewa kitu.

Sasa shika kalamu umjaribu. Leo twajua kuwa uzito wa atomu ya zebaki ni 200.6, na wa oksijeni ni 16; zikiungana moja kwa moja, jumla ni 216.6. Ili upate punje 45 za unga mwekundu wahitaji zebaki kiasi gani? Zidisha 45 kwa 200.6, ugawanye kwa 216.6, utapata 41.68. Oksijeni ni 3.32. Lavoisier alikosea kwa chini ya miligramu 10, naye hakuwa na orodha yoyote ya uzito wa atomu mbele yake!

Hesabu hiyo aliieleza katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789, ambacho picha za vyombo zilichorwa na mkewe, Marie-Anne. Mizani bora ilikuwa ya gharama kubwa, naye aliweza kuinunua kwa sababu alikuwa mshirika katika kampuni iliyomtozea mfalme kodi. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, washirika hao walishtakiwa. Tarehe 8 Mei, 1794, Lavoisier alikatwa kichwa huko Paris, siku moja na mkwewe, baba yake Marie-Anne.